Uzi: Tunaosimamia tovuti tukiwa Mtwara na Lindi, SSH inatuhusu kuliko mtu yeyote

FundiMikindani (Mtwara)

Wakuu, habari za majukumu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu simu ninazopigiwa zinafanana. Tovuti ya shule haifunguki. Ya lodge imejaa, haipokei picha mpya. Ya chama cha msingi cha wakulima imeanza kuonyesha matangazo ya kamari, na msimu wa korosho ndio huo unaingia. Nikimuuliza mwenyewe anaingiaje kwenye akaunti yake, ananiambia anafungua cPanel (ukurasa wa kusimamia akaunti ya tovuti) kwenye kivinjari, anaingia File Manager, anapandisha faili moja baada ya jingine. Mtandao ukikata, anaanza upya. Bando linaisha, kazi iko palepale.

SSH ni njia ya kuingia ukiwa mbali kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kuiongoza kwa kuandika amri. Watu wengi huku kwetu wanaamini ni ya vijana wa Dar wenye fiber ofisini na digrii ya kompyuta. Mimi nasema ni kinyume kabisa. Mwenye mtandao wa kasi anaweza kuishi maisha yake yote kwa kubofya. Anayetegemea laini moja inayosuasua, na umeme unaokatika bila taarifa, ndiye anayeihitaji zaidi. Ukiwa ndani ya SSH, kinachosafiri kati ya laptopu yako na seva ni maandishi tu. Mzigo wenyewe unabebwa kulekule kwenye seva, ambako umeme na mtandao havina shida.

Chukua WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Faili lake la zip lina zaidi ya MB 20. Kwa kivinjari unaishusha kwenye laptopu, halafu unaipandisha kwenye seva, yaani umeilipia bando mara mbili, na kupandisha ndiko kunakochosha zaidi kwa mtandao wa simu. Kwa SSH unaandika hivi:

`wget https://wordpress.org/latest.zip`
`unzip -q latest.zip`

Seva inaichukua yenyewe moja kwa moja na kuifungua yenyewe. Wewe umetuma mistari miwili ya maandishi.

Kuna na suala la usalama, na hili naomba tulichukulie kwa uzito. Zamani watu waliingia kwenye seva kwa telnet, na mafaili wakapeleka kwa FTP. Njia zote mbili zinapitisha nywila waziwazi, kila aliyekaa katikati ya njia anaisoma. Mwaka 1995, baada ya nywila kuvunwa hivyo kwenye mtandao wa chuo chake huko Finland, Tatu Ylönen alitengeneza SSH ili mazungumzo yote yafungwe kwa usimbaji. Akaomba ipewe poti (namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva) 22, katikati ya FTP yenye 21 na telnet yenye 23. Leo bado nakuta watu wanatumia FTP tupu kwenye Wi-Fi ya hoteli. Kama ni lazima utumie programu ya kuburuta mafaili, chagua SFTP, maana hiyo inapita ndani ya SSH.

Kuanza ni rahisi. Ndani ya cPanel tafuta sehemu inayoitwa SSH Access. Kampuni nyingine zinaiacha wazi, nyingine mpaka uwaandikie wakufungulie. Waulize vitu vitatu: anwani ya seva, namba ya poti (wengi wanaibadilisha, si lazima iwe 22), na alama ya ufunguo wa seva yao. Halafu:

`ssh -p 22 jina@anwani-ya-seva`

Mara ya kwanza kompyuta itakuonyesha alama ndefu ya herufi na namba, na kukuuliza kama unaiamini. Usiandike yes kwa mazoea. Linganisha na ile waliyokupa, ndipo ukubali.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

MwalimuMasasi (Masasi)

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi ni mwalimu, tovuti ya shule nilikabidhiwa tu kwa kuwa najua kutumia kompyuta. Natumia Windows. Je, lazima nitafute programu ya pembeni? Na hii nywila ya cPanel ndiyo ninayoandika huko?

---

FundiMikindani (Mtwara)

Mwalimu, karibu. Windows 10 na 11 zinakuja na SSH yake ndani, tangu matoleo ya 2018. Fungua PowerShell, andika `ssh`, bonyeza Enter. Ikikuonyesha maelezo ya matumizi, ipo tayari. Wenye Windows za zamani ndio wanaohitaji PuTTY, programu ya pembeni ya SSH.

Nywila ya cPanel kwa kawaida ndiyo hiyohiyo, na ukiiandika skrini haitaonyesha hata nukta. Usishtuke, inaingia.

Ila nakushauri usikae na nywila, hamia kwenye funguo. Andika:

`ssh-keygen -t ed25519`

Utapata mafaili mawili. Lenye mwisho wa `.pub` ni kama kufuli, mpe yeyote, liweke kwenye seva yoyote. Lile jingine ndilo ufunguo wenyewe, halitoki kwenye laptopu yako, halitumwi WhatsApp, halihifadhiwi kwenye flashi ya ofisi. Litakapokuomba neno la kulilinda, weka, tena refu, ili laptopu ikiibwa mwizi asiingie moja kwa moja. Yaliyomo kwenye `.pub` yabandike kwenye SSH Access, Manage SSH Keys, Import Key. Ukimaliza bonyeza Authorize. Wengi wanaishia kwenye Import, halafu wanalalamika ufunguo unakataliwa.

---

KakaNdoro (Lindi Mjini)

Mkuu nakuheshimu, lakini hapa naona unawatisha watu bure. Mimi nasimamia tovuti za wateja kadhaa hapa Lindi kwa File Manager na mambo yanakwenda. cPanel ina kila kitu. Ukimpa mtu asiye na uzoefu teminali, yaani dirisha la kuandika amri, siku moja ataandika `rm -rf` (amri ya kufuta kila kitu) kwenye folda isiyo yenyewe na tovuti nzima itapotea. File Manager angalau ina kapu la taka, ukifuta unarudisha. Huko kwenye SSH hakuna kapu.

---

FundiMikindani (Mtwara)

Kaka Ndoro, hilo la kapu ni kweli tupu na nashukuru umelileta mapema. `rm` haina kurudi nyuma. Ndiyo maana kanuni yangu kwa ninaowafundisha ni kwamba hakuna kufuta kabla ya `pwd` kujua uko wapi na `ls` kuona kilichopo. Na kama una shaka, mfano na plagini (programu ndogo ya nyongeza ya WordPress), usifute, hamisha kwanza:

`mv plagini-mbovu ~/pembeni/`

Tovuti ikikaa salama wiki nzima, ndipo ufute.

Niongeze kwamba kwenye akaunti ya kawaida ya hostingi ya pamoja, yaani seva moja inayotunza tovuti za watu wengi, umefungiwa ndani ya nyumba yako. Huoni mafaili ya jirani, huna mamlaka ya kuharibu seva. Unachoweza kuharibu ni cha kwako, na hicho unaweza kukiharibu kwa File Manager vilevile. Kinga yake ni bakapu, yaani nakala ya akiba, na bakapu ya `public_html` (folda yenye mafaili ya tovuti) kwa SSH ni mstari mmoja:

`tar -czf ~/bakapu-shule.tar.gz public_html`

Hifadhidata ichukue kwa `mysqldump`, au kama ni WordPress na seva yako ina WP-CLI (programu ya kuiendesha WordPress kwa amri), `wp db export ~/shule.sql`. Usiliache faili hilo ndani ya `public_html`, maana huko kila mtu duniani anaweza kulishusha akijua jina.

---

BintiKilwa (Kilwa Masoko)

Habari zenu kaka zangu. Naomba nichangie kwa jambo nililoliona mwenyewe, labda litamsaidia mtu.

Nasimamia tovuti ya lodge hapa Masoko. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya magofu ya Kilwa Kisiwani, kwa hiyo picha ndizo zinazouza. Ghafla tovuti ikakataa picha mpya, barua pepe nazo zikaanza kurudi. Kampuni ya hostingi ikasema nafasi imejaa, ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Mwenye lodge alikuwa tayari kulipa. Nikamwomba anipe jioni moja. Nikaingia kwa SSH, nikaandika amri ya kupima uzito wa kila folda:

`du -h --max-depth=1 | sort -h`

Ikaja hivi:

`84M ./logs`
`310M ./mail`
`9.1G ./public_html`
`9.5G .`

Nikashuka ndani ya `public_html`, halafu `wp-content`, kila hatua narudia amri ileile. Picha zote za lodge hazikufika hata GB moja. Zaidi ya GB 8 zilikuwa kwenye folda ya plagini ya bakapu, inayotengeneza zip mpya kila usiku na haifuti za zamani. Tovuti ilikuwa imejaa nakala za tovuti.

Sikufuta kwa macho. Kwanza niliangalia orodha:

`find . -name "*.zip" -mtime +30 -print`

Nikaisoma yote, nikahakikisha nimo kwenye folda ile ya bakapu, ndipo nikabadilisha `-print` kuwa `-delete`. Barua pepe zikaanza kuingia usiku uleule, na mwenye lodge hakununua kifurushi chochote.

---

KakaNdoro (Lindi Mjini)

Dada, hongera. Lakini cPanel ina ukurasa wa Disk Usage unaoonyesha hayohayo.

---

BintiKilwa (Kilwa Masoko)

Upo kaka, naujua. Unakuonyesha folda ipi ni nzito. Haukusaidii kuchagua zip zenye zaidi ya siku 30 kati ya mamia na kuacha zile mpya. Kwa File Manager ningekaa natia tiki moja moja, na huku kwetu ukurasa ukigoma kupanda tiki zote zinapotea.

Na nikukumbushe Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar ikakatika hukuhuku wilayani kwetu. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, nchi nzima mtandao ukazorota. cPanel haikufunguka kabisa kwangu. SSH ilifunguka. Nilikuwa naandika herufi, nasubiri itokee, naandika nyingine, lakini niliweza kubandika tangazo la wageni kuhusu barabara. Hapo ndipo nilipoelewa hoja ya FundiMikindani.

---

KakaNdoro (Lindi Mjini)

Hapo nimekuelewa dada. Nitajaribu kwenye akaunti yangu mwenyewe kwanza, ya wateja niiache.

---

MzeeWaNewala (Newala)

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi si fundi, ni mjumbe wa bodi ya chama chetu. Tovuti yetu ilitengenezwa na kijana ambaye sasa amepata kazi Dodoma. Ni kijana mzuri, hatuna ugomvi naye. Lakini nywila anayo, na kijana aliyemfuata anayo, na karani anayo, zote ni hiyohiyo moja. Tunaweka humo bei za minada na taarifa za malipo ya wakulima. Mtu akibadilisha tarakimu moja tu, wakulima watatuhukumu sisi. Mnashauri nini?

---

FundiMikindani (Mtwara)

Shikamoo mzee. Umegusa jambo kubwa kuliko amri zote tulizoandika humu.

Uzuri wa funguo ni kwamba kila mtu anakuwa na wake. Kwenye seva kuna faili linaitwa `~/.ssh/authorized_keys`, na kila mstari ndani yake ni mtu mmoja. Mwisho wa mstari mnaandika jina: karani, fundi, na kadhalika. Mtu akiondoka, mnafuta mstari wake, yeye haingii tena kwa njia hiyo na wengine wanaendelea bila kubadilisha chochote.

Lakini kuondoa mstari peke yake hakutoshi, mzee. Nywila ya cPanel yenyewe ibadilishwe siku hiyohiyo, pamoja na za watumiaji wa ndani ya tovuti, maana hiyo ni milango mingine. Na akaunti ya jina la tovuti, yaani ile `.co.tz` au `.or.tz` yenu, iandikishwe kwa barua pepe ya chama, si ya kijana binafsi. Hilo likifika kwenye kikao cha bodi na kuandikwa kwenye muhtasari, itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu bodi nayo inabadilika.

Karani anayebandika bei tu hahitaji SSH wala cPanel. Mpeni jina la mtumiaji ndani ya WordPress lenye uwezo wa kuandika habari, basi.

---

MzeeWaNewala (Newala)

Marahaba. Nimeiandika yote kwenye karatasi. Nitaipeleka.

---

NachingweaTech (Nachingwea)

Naongezea kwa wale wenye tovuti zilizoingiliwa na matangazo ya kamari, kwa sababu nimesafisha kadhaa na mtindo ni uleule. Adui anaficha faili la PHP (lugha ya programu inayoendesha WordPress) mahali ambapo PHP haina kazi, hasa kwenye folda ya picha. Litafuteni hivi:

`find public_html/wp-content/uploads -name "*.php"`

Humo kunatakiwa kuwe na picha na hati. Kuna plagini chache zinazoweka `index.php` tupu, hizo si tatizo, lakini kila PHP nyingine ifunguliwe isomwe. Halafu tazameni yaliyobadilishwa wiki hii:

`find public_html -name "*.php" -mtime -7`

Na hii, inayotafuta msimbo uliofichwa kwa makusudi, inanasa mengi:

`grep -rl "eval(base64_decode" public_html`

Kama kuna WP-CLI, `wp core verify-checksums` inalinganisha mafaili ya msingi ya WordPress na asili yake, na kukutajia lililobadilishwa au lililoongezwa. Kazi hiyo kwa macho haiwezekani, WordPress ina mafaili maelfu.

Mkishasafisha msiishie hapo. Sasisheni plagini zote, badilisheni nywila zote ikiwemo ya hifadhidata, na endesheni `wp config shuffle-salts` ili kila aliyekuwa ameingia atolewe. Bila hivyo atarudi kwa mlango aliouacha wazi.

---

ChikongolaBoy (Mtwara)

Wakuu mimi laptop sina, nina simu ya Android tu. Nimetengewa huu uzi au nipite?

---

NachingweaTech (Nachingwea)

Usipite mdogo wangu. Weka Termux, programu ya kuandika amri kwenye Android, kisha `pkg install openssh`. Kuanzia hapo amri ni hizihizi. Mimi nimewahi kurekebisha tovuti ya mteja nikiwa kwenye basi la Masasi. Weka alama ya siri kwenye simu yenyewe, na ufunguo wako uwe na neno la kuulinda, maana simu inaibwa kirahisi kuliko laptop.

---

ChikongolaBoy (Mtwara)

Asante kaka, imekubali! Ila nikikaa kidogo bila kuandika inaganda, na nikitoka mtandaoni kazi niliyoianzisha inakufa katikati. Nifanyeje?

---

FundiMikindani (Mtwara)

Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuganda: tengeneza faili `~/.ssh/config` upande wako, uandike:

`Host *`
`  ServerAliveInterval 60`

Kila dakika simu yako itaigusa seva kidogo ili laini isihesabiwe kuwa imelala.

Kazi kufa katikati: mawasiliano yakikatika, kwa kawaida seva inazizima kazi ulizoziacha zinaendelea. Dawa ni `screen` au `tmux`, programu zinazoshikilia kazi kwenye seva hata ukitoka. Andika `screen`, anza kazi yako humo ndani. Umeme ukatike, mtandao upotee, kazi inaendelea. Ukirudi unaandika `screen -r` na unaikuta ilipo. Kama seva haina hizo, weka `nohup` mbele ya amri. Baadhi ya kampuni zinaua kazi zinazokaa muda mrefu kwenye hostingi ya pamoja, kwa hiyo usishangae sana tar ya GB nyingi ikikatwa. Igawanye folda kwa folda.

Na unapotaka kushusha bakapu kuja kwako, tumia rsync:

`rsync -av --partial --progress -e ssh jina@anwani-ya-seva:bakapu-shule.tar.gz .`

Hiyo `--partial` inatunza kipande kilichokwisha kufika. Mtandao ukikata kwenye asilimia 80, rudia amri ileile, haitaanzia sifuri. Kwa bando zetu hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajifunze. Inabidi rsync iwepo pande zote mbili. Kwenye Termux ni `pkg install rsync`.

---

MwalimuMasasi (Masasi)

Nimerudi wakuu. Niliandikia kampuni, wakanifungulia, ufunguo umekubali na bakapu ya shule nimeichukua. Leo nilipojaribu kuingia nimepata onyo kubwa la herufi nzito: `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`. Rafiki yangu ananiambia nifute tu faili la `known_hosts`, linalotunza alama za seva nilizozikubali, niendelee. Nifute?

---

FundiMikindani (Mtwara)

Usifute mwalimu, subiri kwanza. Onyo hilo maana yake seva iliyokujibu leo ina alama tofauti na ile uliyoikubali mwanzo. Mara nyingi ni kampuni imehamisha akaunti yako kwenye seva nyingine au imesakinisha upya. Mara chache ni mtu amejiweka katikati, na SSH imekataa kuendelea kwa ajili hiyo hasa.

Wapigie simu, namba uichukue kwenye risiti yako ya malipo. Waulize kama wamebadilisha seva, na wakusomee alama mpya. Ikilingana na iliyo kwenye onyo, ondoa ile ya zamani peke yake:

`ssh-keygen -R anwani-ya-seva`

Kama poti yako si 22, iandike hivi: `ssh-keygen -R "[anwani-ya-seva]:2222"`, ukiweka namba yako. Alama za seva nyingine zitabaki salama. Wakisema hawajabadilisha kitu, usiingie kwa mtandao huo uliopo. Jaribu kwa laini nyingine, na wao wawe bado kwenye simu.